Nyasi Bandia za Nyamagana na Maji ya Ziwa

Uwanja wa Nyamagana jijini Mwanza una nyasi bandia. Majani ya nyasi za aina hii hutengenezwa kwa polithilini, plastiki iliyo jamaa na ile ya madumu. Katikati yake hutandazwa mchanga na, katika viwanja vingi duniani, chembe za mpira wa matairi chakavu.

Je, plastiki inayozagaa mialoni yaweza kuwa uwanja? Yaweza, ila si sehemu zote. Majani hukaa juani mwaka mzima, hivyo hutaka plastiki safi ya aina moja. Iliyokwisha kutumika hufaa zaidi chini, katika tabaka la kupunguza mshtuko. Chupa za maji nazo ni plastiki nyingine kabisa. Zikiyeyushwa pamoja na madumu, zote huharibika. Ndiyo maana utenganishaji huanzia nyumbani, wala si kiwandani.

Lipo jambo zito zaidi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulikuta plastiki matumboni mwa sangara na sato walionunuliwa Mwanza: mmoja katika kila watano. Chembe za uwanjani nazo hubebwa na viatu na mvua hadi mitaroni, kisha ziwani. Umoja wa Ulaya uliamua mwaka 2023 kwamba uuzaji wake ukome mwaka 2031. Kuzizuia hakuhitaji mtambo: ukingo mfupi kuzunguka uwanja, chujio mdomoni mwa mtaro, brashi ya viatu langoni, na mtu wa kuvisafisha kabla mvua hazijaanza.