Fosfati za Pegmatiti: Pima Uzito, Rangi Itakudanganya

Wauzaji wa mawe mtandaoni wanaoziuza fosfati kwa rangi yake wananiudhi. Zambarau inayobandikwa jina la purpuriti mara nyingi ni heterositi, tena imeoshwa kwa tindikali ili ing'ae. Na hata zambarau ya asili inaeleza yaliyolikuta jiwe baadaye, si lilivyoumbika. Mwanzo lilikuwa trifiliti, ya kijivu yenye kijani au buluu, mchanganyiko wa lithiamu, chuma na fosfati. Vimiminika vyenye oksijeni vikipenya, chuma huoksidishwa na lithiamu hulazimika kutoka ili chaji zilingane. Kwanza hupatikana ferisikleriti ya kahawia, kisha heterositi. Mtaalamu wa madini Percy Quensel aliueleza mfuatano huo mwaka 1937 kutokana na pegmatiti ya Varuträsk, Uswidi. Betri za lithiamu, chuma na fosfati hutumia badiliko lilo hilo, ila zenyewe hutoa lithiamu kwenye fosfati zikichajiwa, na kuirudisha zikitumika.

Pa kutafutia ni rahisi kueleza. Kalsiamu ikiwapo, fosforasi huishia kwenye apatiti. Magma ya mwisho ya graniti, inayozaa pegmatiti, ikibaki karibu bila kalsiamu, fosforasi hulundikana hadi ishikane na lithiamu, chuma, manganisi au alumini. Ndiyo maana Buranga, karibu na Gatumba nchini Rwanda, palitoa madini mapya kwa sayansi kama bertossaiti, burangaiti na gatumbaiti.

Kazi ngumu ni ambligoniti, fosfati nyeupe inayofanana na feldispa kiasi cha kutupwa kwenye kifusi. Hapo mimi naamini mizani ya jikoni. Pima jiwe kavu. Weka kikombe cha maji juu ya mizani, rudisha namba kwenye sifuri, kisha lining'inize jiwe kwa uzi hadi lizame lote bila kugusa kikombe. Gramu zitakazosomeka ni ujazo wake kwa sentimita za ujazo. Jiwe la gramu 150 likisomeka 50, densiti yake ni 3.0, na hiyo ni ambligoniti au nduguye montebrasiti. Likisomeka 57 ni 2.6, basi umeshika feldispa au kwatzi. Trifiliti safi hukaribia 3.5. Uzi uwe mwembamba, na vipovu vifutwe kwa kidole, maana vipovu hupunguza densiti na kukufanya utupe jiwe zuri.

Mtu atasema spodumeni nayo ina 3.1 hadi 3.2, na mizani ya jikoni haiwezi kutenganisha hizo. Kweli, lakini spodumeni hukwaruza kioo bila shida, ilhali ambligoniti hujikongoja. Atasema pia jiwe lililooza lina matundu ya hewa. Basi livunje, upime kipande cha ndani. Kipimo cha eksirei kina uhakika zaidi, sibishi. Ila maabara haiwezi kupokea kifusi kizima, na lazima kitu fulani kiamue ni kipande kipi kipelekwe.