HOMA IKO WAPI, DAWA IKO WAPI?
Somo la ramani kwa wanafunzi wa sekondari

Rafiki msomaji, bila shaka umeshachora kontua darasani mpaka mkono ukachoka. Labda ulijiuliza, "Haya mambo yatanisaidia nini nikimaliza shule?" Leo tutatumia ramani kwa kazi mbili: kujua ugonjwa uko wapi, na kujua duka lifunguliwe wapi. Utaona kwamba kazi hizi mbili ni ndugu. Mfano wetu ni Mkoa wa Ruvuma, kuanzia milima ya Umatengo huko Mbinga mpaka mwambao wa Ziwa Nyasa. Kama unaishi kwingine usifunge gazeti, maana njia ni ile ile.

Daktari na pampu ya maji

Tuanze mbali kidogo. Mwaka 1854 kipindupindu kiliua watu zaidi ya 600 katika mtaa mmoja wa London, Uingereza. Wakati ule wengi waliamini kwamba ugonjwa huo unaletwa na hewa chafu. Daktari John Snow hakukubali. Alichukua ramani ya mtaa, na kwa kila aliyekufa akachora kistari cheusi penye nyumba yake. Vistari vikajazana kuizunguka pampu moja ya maji, ya Broad Street. Kumbe wafanyakazi wa kiwanda cha bia kilichokuwa jirani hawakufa. Wao walikunywa bia, na kiwanda kilikuwa na kisima chake.

Tarehe 8 Septemba 1854 mpini wa pampu ile uliondolewa. Ni kweli kwamba ugonjwa ulikuwa umeshaanza kupungua, kwa kuwa watu wengi walikuwa wameukimbia mtaa. Lakini ramani ilikuwa imeshasema: tafuteni kwenye maji.

Snow alifanya na jambo lingine. Alichora mpaka kuonyesha nyumba ambazo pampu ile ndiyo ilikuwa karibu nazo kuliko pampu nyingine. Hakupima kwa rula tu, kama ndege anavyoruka. Alipima kwa njia ambayo mtu anatembea. Shika hilo, tutalihitaji tukifika milimani.

Kwa nini homa hupenda bondeni?

Sasa turudi Ruvuma. Ziwa Nyasa liko kiasi cha meta 475 juu ya usawa wa bahari. Milima ya Umatengo inapita meta 1,500. Umejifunza kwamba ukipanda meta 1,000 joto hupungua kwa nyuzi kama 6 za Sentigredi, si ndiyo? Basi hapo ndipo Jiografia inapokutana na malaria.

Mbu akimuuma mgonjwa, vimelea vya malaria haviambukizi siku hiyo hiyo. Lazima kwanza vikomae ndani ya mbu. Kwenye joto la nyuzi 25 huchukua kama siku 12. Baridi ikizidi vinachelewa sana, na chini ya nyuzi 18 hivi ni shida kukomaa. Mbu naye maisha yake ni mafupi, hivyo mara nyingi hufa kabla vimelea havijawa tayari. Ndiyo maana mtu wa Mbamba Bay, Liuli au Lituhi yuko katika hatari kubwa kuliko mtu wa Litembo, au wa Mbuji kwenye lile jiwe kubwa.

Je, wa milimani alale bila chandarua? Hapana! Watu wanateremka ziwani kununua usipa, wengine wana mashamba mabondeni. Tena aliyekulia kwenye baridi hana kinga ya kutosha mwilini, hivyo malaria ikimpata inaweza kumwangusha vibaya. Ukirudi kutoka ziwani ukapata homa hata baada ya wiki mbili, usiseme ni mafua tu. Nenda ukapime.

Duka linafuata nini?

Ugonjwa unafuata joto na maji. Je, duka linafuata nini? Linafuata wateja, fedha na barabara. Mwenye duka si mtu mbaya. Analipa pango, analipa nauli ya mzigo, na dawa zikipita muda wake hasara ni yake. Kwa hiyo atapenda kufungua mjini, sokoni, au pale wakulima wanapolipwa fedha za kahawa. Kijiji cha mbali chenye homa nyingi na fedha kidogo kinabaki bila kitu.

Ruvuma ina historia katika jambo hili. Zamani vijijini kulikuwa na maduka ya dawa baridi. Kisheria yalitakiwa kuuza dawa chache tu zisizohitaji cheti cha daktari. Lakini mengine yaliuza na zile zilizokatazwa, na wauzaji wengi hawakuwa na mafunzo. Mwaka 2003 Mamlaka ya Chakula na Dawa pamoja na wafadhili walianza mpango mpya, na mkoa wa kwanza ulikuwa Ruvuma, Mbinga ikiwemo. (Wakati huo mwambao wa ziwa ulikuwa bado sehemu ya Mbinga; Wilaya ya Nyasa ilianzishwa mwaka 2012.) Muuzaji alifundishwa, duka likakaguliwa, na likaruhusiwa kuuza orodha kubwa zaidi ya dawa, zikiwemo baadhi ya zile za cheti. Likaitwa Duka la Dawa Muhimu.

Umeona ujanja wake? Duka likiruhusiwa kuuza dawa zinazohitajika kweli, linapata faida halali hata nje ya mji. Matokeo yalipimwa: dawa zisizosajiliwa katika maduka ya Ruvuma zilishuka kutoka asilimia 26 hadi asilimia 2. Baadaye mpango ukaenea Tanzania Bara yote. Hata hivyo, mafunzo hayahamishi duka. Swali la "liko wapi?" linabaki pale pale.

Kilomita 4 si kilomita 4

Chukua ramani ya skeli ya 1:50,000. Sentimeta 1 ni meta 500. Tuseme kutoka kijijini kwenu mpaka duka la dawa ni sentimeta 8, yaani kilomita 4. Ni karibu, au siyo?

Sasa hesabu kontua. Tuseme njia inapanda nafasi 30 za kontua, kila moja meta 20. Hiyo ni meta 600 za kupanda. Mwaka 1892 mpanda milima wa Uskoti, William Naismith, alitoa kanuni hii: hesabu saa 1 kwa kila kilomita 5, kisha ongeza saa 1 kwa kila meta 600 za kupanda. Kilomita 4 ni dakika 48. Ongeza saa 1. Jumla ni saa 1 na dakika 48, kwa mtu mwenye afya asiye na mzigo.

Mama mwenye mtoto mgonjwa mgongoni, njia ina utelezi wa mvua, atatumia muda gani? Na mtoto mwenye homa anatakiwa apimwe na kutibiwa ndani ya saa 24. Duka likiwa limefungwa au dawa zimekwisha, safari imepotea na muda umekwenda.

Zoezi: chora ramani ya kijiji chenu

1. Fanyeni kundi la watu wanne. Choreni njia, mito, visima, mabwawa, shule, zahanati na maduka ya dawa.
2. Kwa kalamu nyekundu, wekeni alama palipo na maji yaliyotuama. Kwa ya bluu, wekeni mahali dawa zinapopatikana.
3. Tembeeni kwa miguu kutoka kila kitongoji mpaka alama ya bluu iliyo karibu. Andikeni dakika, si kilomita. Njia ya kupanda ipimeni kwa kupanda.
4. Tafuteni kitongoji chenye nyekundu nyingi na dakika nyingi. Hilo ndilo pengo.

Angalizo: msiandike jina la mgonjwa wala nyumba yake, iwe ni malaria, kifua kikuu au UKIMWI. Siri ya mgonjwa ni yake. Katika kijiji kidogo hata alama moja inaweza kumtaja mtu.

Mkimaliza, pelekeni ramani kwa mwenyekiti wa kijiji na mganga wa zahanati. Mwonyesheni pia anayetaka kufungua duka. Mwulizeni kila mmoja swali moja: "Hapa penye pengo, tufanye nini?"