Namba za Bunduki za Marisau: Desturi ya Uingereza na ya Marekani

Karatu na Ngorongoro zimepakana na misitu yenye nyati na tembo, na rufaa kutoka Karatu mjini hadi Arusha ni safari ya takriban kilomita 140. Majeruhi wa bunduki akipewa rufaa, barua yake haina budi kueleweka bila kupiga simu ya kuuliza. Somo hili laeleza namba zinazoweza kumpotosha mtabibu.

Ukubwa wa mtutu

Mwingereza husema “bore”, Mmarekani husema “gauge”. Maneno ni mawili, kipimo ni kimoja. Namba hutaja idadi ya gololi za madini ya risasi, zenye kipenyo sawa na cha mtutu, zinazotimiza uzito wa ratili moja, yaani gramu 454. Kwa hiyo namba ikikua, mtutu hupungua: wa 12 una milimita 18.5, wa 20 una 15.6. Wauguzi wameizoea hali hii katika kanula, ambapo namba 14 ni nene kuliko 22. Bunduki ya .410 haifuati kanuni hiyo. Namba yake ni kipenyo kwa inchi, sawa na milimita 10.4.

Ukubwa wa marisau

Hapa ndipo desturi zinapoachana. Namba 6 ya Uingereza ni chembe ya milimita 2.6, ya Marekani ni 2.8, ambayo Mwingereza huiita namba 5. Tofauti hiyo ni ndogo. Hatari kubwa zaidi imo katika namba 4 ya Marekani, kwani zipo mbili: ya kuwindia ndege, milimita 3.3, na ya kuwindia wanyama wakubwa, milimita 6.1. Chembe kubwa hupenya kwa kina zaidi. Aina ambayo Mwingereza huiita SG na Mmarekani 00 hufikia milimita 8.4. Gobore halina namba ya kutegemewa, kwa kuwa huweza kushindiliwa vipande vya chuma vya kila namna.

Kwa mhudumu wa afya

Andika kipenyo kwa milimita, umbali wa mpigaji ukijulikana, na idadi ya chembe zinazoonekana katika eksirei. Kwa jeraha la karibu, tafuta kizibo cha plastiki kilichoingia na marisau. Eksirei huenda isikioneshe. Chembe ya risasi iliyomo ndani ya kiungo hutolewa, kwa sababu ute wa kiungo huyeyusha madini hayo na kuleta sumu mwilini. Fomu ya PF3 isicheleweshe kuokoa maisha.

Kwa mgonjwa na familia

Msichokoe marisau kwa sindano wala kisu. Gandamizeni jeraha kwa kitambaa safi, wahini kituoni, na ulizieni chanjo ya pepopunda. Mwenye bunduki asichanganye risasi za 20 na za 12: ya 20 hudidimia ndani ya mtutu wa 12 na kukwama, na ya 12 ikifyatuliwa nyuma yake, mtutu hupasuka mikononi mwa mpigaji.