Karati ya almasi siyo karati ya dhahabu

Wadau, kama unauza pete na hereni mtandaoni, soma hii kabla hujamtumia mtu hela ya mzigo.

Huku Mitole ufuta na korosho tunapima kwa kilo. Almasi inapimwa kwa karati. Karati 5 ndiyo gramu 1. Kwa hiyo karati ya almasi ni UZITO tu, siyo ubora.

Kwenye dhahabu karati ni usafi: 24 ni dhahabu tupu, 18 ina dhahabu asilimia 75. Mtu akikuandikia "pete karati 18", kuhusu jiwe hajakwambia kitu.

Mfano wa hapahapa nchini: mwaka 1947 Mwadui, Shinyanga, ilitoka almasi ya pinki ya karati 54.5. Ilipochongwa ikabaki 23.6. Zaidi ya nusu ilikwenda!

Kabla hujalipa, uliza:
1. Uzito huo ni kabla au baada ya kuchongwa?
2. Ni wa jiwe moja au mawe yote? Vijiwe 10 vya karati 0.1 vinafika karati 1, ila jiwe moja la karati 1 lenye ubora uleule bei yake iko juu zaidi.
3. Rangi, usafi na uchongaji vikoje? Cheti cha maabara kipo?

Almasi ghafi usiguse bila leseni ya Tume ya Madini.

Na wewe kwenye posti yako andika zote mbili, karati ya dhahabu na ya jiwe. Mteja akijua analipia nini, harudi na ugomvi.