Uangavu wa Picha na Uchaguzi wa Faili

Nembo iwekwapo juu ya picha za video, mara nyingine huzungukwa na mraba mweupe. Chanzo chake aghalabu ni aina ya faili iliyochaguliwa.

Kila pikseli ya rangi huelezwa kwa namba tatu: ya nyekundu, ya kijani na ya buluu. Katika miaka ya 1970, Ed Catmull na Alvy Ray Smith, wakiwa New York, waliongeza namba ya nne, alfa, ipimayo uangavu: 0 ni angavu kabisa kama kioo safi, 255 huziba kabisa kilicho nyuma.

Faili ya JPEG haina nafasi ya alfa. GIF hukubali angavu au isiyo angavu tu, hivyo kingo huwa kama meno ya msumeno. PNG, iliyotolewa mwaka 1996, huhifadhi madaraja yote 256. Mathalani, ukingo mweupe (255) wenye alfa ya nusu, juu ya usuli wa 55, hutoa:

½ × 255 + ½ × 55 = 155

Ukingo huonekana laini.

Mwanafunzi akumbuke: alfa iliyopotea katika JPEG hairudishwi kwa kuigeuza faili kuwa PNG. Nakala ya asili na itunzwe.