Shamba la Majani Lililopitwa na Wakati: Lifyekwe kwa Njia Gani?

Wasomaji wetu, na hasa ninyi machifu na waalimu ambao watu huwajia kwa shauri, leo twapenda kusema juu ya jambo ambalo huonekana dogo, lakini hasara yake si ndogo. Mtu amepanda majani ya Rhodes eka mbili ili apate chakula cha ng'ombe wakati wa kiangazi. Yalipochanua hakuyakata: pengine mvua haikukatika, pengine fedha za vibarua hazikuwapo, pengine alipatwa na msiba. Sasa miezi mitatu imepita. Majani yamekauka yakiwa yamesimama, mengine yamelala, na mwenye shamba hajui aanzie wapi. Jirani humwambia, "Tia kiberiti, yaishe." Sisi twasema, ngoja kwanza.

Yafaa tuyajue majani yenyewe. Asili yake ni hapa Afrika, nalo jina lake latokana na Cecil Rhodes, aliyeyapanda karibu na Cape Town mwishoni mwa karne ya 19. Katika Kenya aina za Boma na Elmba zajulikana sana. Wakati mzuri wa kuyakata ni pale ambapo kama nusu ya mashina yametoa maua. Yakiwa machanga sana, protini yaweza kufika sehemu 17 katika 100. Yakizeeka yaweza kushuka hata 3. Nayo tumbo la ng'ombe huhitaji kama sehemu 7 katika 100 ili liweze kusaga chakula vema. Kwa hiyo majani yaliyopitwa na wakati hushibisha tumbo, lakini peke yake hayanenepeshi mnyama wala hayaongezi maziwa.

Hata hivyo si takataka. Wamasai tangu zamani hutenga malisho karibu na boma, yaitwayo olopololi, wakayaacha yakauke yakiwa yamesimama kwa ajili ya ndama na wanyama wagonjwa. Tena tukumbuke ukame uliozidi kutoka mwisho wa 2020 hata mwisho wa 2022, mvua zilipokosekana misimu mitano mfululizo, na katika Kenya mifugo zaidi ya milioni mbili ikafa. Katika siku kama zile, robota la majani makuukuu lilikuwa mali.

Basi, kabla ya kushika chombo chochote, fanya mambo mawili. La kwanza, zunguka shambani kwa miguu ukiwa na fimbo na viatu vya kufunika miguu. Majani marefu huficha mawe, visiki, vichuguu, mashimo na waya. Huficha na nyoka pia, kama kifutu, asiyependa kuondoka njiani. Kila kizuizi ukiwekee kijiti chenye kitambaa. La pili, jiulize: Nataka majani haya yawe nini? Yawe chakula? Yawe matandiko ya zizi na ya kufunika udongo wa kahawa na migomba? Au nataka tu kulifungua shamba ili machipukizi yapate jua? Jibu la swali hilo ndilo litakalochagua chombo.

Ukitaka chakula na shamba ni dogo, mundu na fyekeo vyatosha. Kazi ni ya polepole, lakini mkono huchagua: utakata sehemu yenye majani mengi, na kuacha ile iliyooza chini.

Shamba likiwa kubwa, tafuta trekta yenye mashine ya upanga wa meno, au ile ya ngoma zinazozunguka. Hizi hukata shina mara moja chini na kulilaza zima, likapata kukusanywa. Lakini ile ya meno husongwa upesi na majani yaliyolala na kusokotana. Hapo ile ya ngoma hufaa zaidi.

Ukitaka kulifungua shamba tu, waweza kutumia mashine ya kufyekea inayofungwa nyuma ya trekta, ambayo visu vyake huzunguka chini ya bamba la chuma. Hiyo haiogopi mashina magumu, lakini huyakatakata vipande vipande, na hurusha mawe kwa nguvu ya kuua. Watoto na watazamaji wakae mbali kabisa, na mtu asiguse kitu mpaka injini imezimwa.

Hapa hatuna budi kuungama kosa letu wenyewe. Mwaka mmoja tulikodi mashine ya namna hiyo kwa kuwa bei yake ilikuwa nafuu, tukidhani tutapata marobota. Tulipata vipande visivyoshikika kwa reki. Nusu tuliviacha shambani, vikawa kama mkeka mzito. Mvua ikaja, vikaoza, na chini yake majani yakafa kwa kukosa jua. Tulitaka kuokoa fedha za siku moja, tukapoteza malisho ya msimu mzima. Bahati ni kwamba majani ya Rhodes hutambaa na kutia mizizi penye vifundo, hivyo pengo liliziba, ingawa si upesi.

Na moto je? Moto ni mwepesi kuwashwa, lakini huondoa chakula chote, hupeleka nitrojeni ya majani hewani, huacha udongo uchi mbele ya mvua, na haujui mpaka wa jirani. Usiwe shauri la kwanza.

Njia yoyote utakayochagua, usikate hata udongoni. Acha upana wa kiganja, kama sentimeta 10, maana humo ndimo machipukizi hutoka. Tena anza katikati ya shamba ukienda nje, ili kanga na sungura wapate njia ya kukimbia. Majani yaliyokatwa yageuzwe juani mpaka shina likivunjwa lilie. Maji yasizidi sehemu 15 katika 100. Yakifungwa mabichi huota ukungu, hupata joto ndani, na yaweza kujiwasha yenyewe ghalani. Asiye na mashine ya kufunga atengeneze sanduku la mbao lisilo na kifuniko wala kitako, urefu sentimeta 85, upana 55, kina 45. Likishindiliwa vema hutoa robota la kama kilo 20. Robota hilo la majani makuukuu lilishwe pamoja na lusina au majani ya viazi vitamu, ili protini iliyopungua irudishwe.

Wahenga walisema ngoja ngoja huumiza matumbo, na mwenye shamba letu amekwisha kuumia kwa kungoja. Lakini haraka ya kiberiti haimponyi. Atembee shambani, ajue analotaka, ndipo achague chombo. Na msimu ujao, maua yakitoka nusu, fyekeo liwe limekwisha kunolewa.