Shoti, Moto na Kuvuja: Istilahi za Mafundi wa Elektroniki na Suala la Usahihi

IKISIRI

Mafundi wa redio, televisheni na simu wamejijengea msamiati mpana wa Kiswahili nje ya vyombo rasmi vya kusanifu istilahi. Makala haya yanachunguza sehemu ndogo ya msamiati huo, hasa maneno shoti, moto na kuvuja, pamoja na majina ya rangi yatumikayo kusoma thamani ya rezista. Tunadai kuwa msamiati huo una utaratibu wake wa kisarufi na kisemantiki. Udhaifu wake haumo katika kukopa, bali katika baadhi ya maneno kubeba dhana mbili ambazo fundi hana budi kuzitenganisha kwa usalama wake. Mwisho, tunapendekeza njia ya kuzitenganisha dhana hizo bila kuyatupa maneno yaliyokwisha kuzoeleka.

1.0 Utangulizi

Mijadala kuhusu uundaji wa istilahi za Kiswahili imeelekezwa kwa muda mrefu kwenye kazi za asasi. Baraza la Kiswahili la Taifa liliundwa mwaka 1967. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, ambayo mwaka 2009 iliunganishwa katika Taasisi ya Taaluma za Kiswahili, ilichapisha mwaka 1990 kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia. Kazi hizo zimempa mwalimu wa sayansi maneno kama mkondo, ukinzani, chanya na hasi.

Hata hivyo, karakana haikuwasubiri wanaisimu. Redio za transista, zilizoanza kuuzwa Marekani mwaka 1954, zilipoenea katika Afrika ya Mashariki zilihitaji mtu wa kuzitengeneza, na mtu huyo alihitaji maneno ya kumwelekeza mwanafunzi wake. Leo, kuanzia Kariakoo hadi Luthuli Avenue, mafundi hueleza matatizo ya simu na televisheni bila kufungua kamusi. Swali la makala haya ni je, maneno yao yanatosha kwa kazi wanayoifanya?

Mifano tunayoitumia ni ya usemi wa kawaida wa karakana, hususan wa Tanzania Bara. Haikukusudiwa kuwakilisha lahaja zote; mathalani, umeme wa Mtanzania huitwa stima na Mkenya katika mazungumzo ya kila siku.

2.0 Utaratibu wa Msamiati wa Karakana

2.1 Kifaa kama mwili

Jambo la kwanza linalojitokeza ni kwamba kifaa huchukuliwa kama mwili wa kiumbe. Hitilafu ni ugonjwa, na fundi huuliza kama aulizavyo tabibu. Tazama mifano ifuatayo:

(1) (a) Simu hii ugonjwa wake ni chaji.
    (b) Betri imekufa.
    (c) Kapasita imevimba.
    (d) Redio inakoroma.

Sitiari hizi si pambo. Kila kitenzi kina kijenzi chake: betri hufa, kapasita huvimba, fyuzi hukatika, transista huungua. Asemaye kuwa fyuzi imevimba atachekwa. Aidha, vitenzi hivyo hueleza mambo yaonekanayo. Kapasita ya kemikali huvimba kweli, kwa sababu joto huzalisha gesi ndani yake. Na mkoromo wa redio mara nyingi hutokana na kapasita ya kuchujia umeme iliyochoka. Kwa hiyo sitiari ni hatua ya kwanza ya uchunguzi wa hitilafu.

2.2 Kitenzi kupiga

Jambo la pili ni matumizi ya kitenzi kupiga pamoja na nomino ya mkopo. Kiswahili kina kupiga simu, kupiga pasi na kupiga picha. Karakana imeongeza kupiga shoti na kupiga jampa, yaani kuunganisha kwa kipande cha waya njia iliyokatika kwenye bodi. Nomino hizo huingia katika ngeli ya N bila taabu, ingawa mafundi husikika pia wakisema makapasita wanapotaja vingi. Hapa lugha inakopa neno lakini haikopi sarufi.

3.0 Maneno Yenye Dhana Mbili

3.1 Shoti

Kamusi za zamani zinalitaja neno shoti kwa maana ya mbio za farasi. Shoti ya umeme ni neno jingine, ambalo yaelekea limetokana na Kiingereza. Hebu tulinganishe:

(2) (a) Waya umepiga shoti.
    (b) Fundi amepigwa shoti.

Katika (2a) nyaya mbili zimegusana, ukinzani umekuwa mdogo sana, na mkondo mkubwa umepita. Katika (2b) umeme umepita katika mwili wa mtu. Kisarufi tofauti ni ya kauli tu: kauli ya kutenda kwa kifaa, kauli ya kutendwa kwa mtu. Mzungumzaji mzoefu hatatanishwi. Tatizo huzuka pale nomino inapobaki peke yake, kama katika kauli hii ya kawaida:

(3) Fyuzi inazuia shoti.

Kwa maana ya (2a), kauli hii ni sahihi. Kwa maana ya (2b), ni ya hatari. Fyuzi ya ampea 13 katika plagi ya pini tatu huruhusu miliampea 13,000 kupita muda wote bila kukatika. Vifaa vya kukata umeme kwa ajili ya kumlinda mtu huwekwa aghalabu vikate kwenye miliampea 30, kiasi ambacho ni kidogo kuliko hicho kwa zaidi ya mara 400. Mkondo uwezao kumuua mtu, basi, hupita katika fyuzi bila fyuzi kuutambua. Mwanafunzi aliyefunzwa kauli ya (3) bila ufafanuzi anaweza kuamini kwamba analindwa, ilhali halindwi.

3.2 Moto

Neno moto lina joto, mwali na umeme ndani yake. Waya wa moto ni ule ulio na umeme. Sasa tazama:

(4) Aisii hii ina moto.

Fundi anaweza kumaanisha kuwa umeme unafika kwenye kijenzi hicho, jambo jema. Au kwamba kijenzi kinachemka, dalili kuwa huenda kimepiga shoti. Kauli ni moja, na maana mbili zinaelekeza matengenezo yanayopingana: ya kwanza humwambia fundi atafute hitilafu kwingine, ya pili humwambia aitafute papo hapo.

Hali kadhalika, kinyume cha moto ni kuzima, na hapo ipo hatari nyingine. Umeme wa volti 230 unapogeuzwa kuwa wa mkondo mnyoofu, kapasita kubwa ya kifaa huweza kujazwa hadi volti 325 hivi. Kifaa kikizimwa na hata plagi ikichomolewa, kapasita hiyo huweza kubaki na chaji kwa muda. Kilichozimwa, kwa lugha ya kawaida, hakina moto. Kwa fizikia, bado kinao.

3.3 Kuvuja

Kapasita inayovuja ni ipi? Ni ile inayotoa majimaji, au ile inayopitisha mkondo usiotakiwa kupita? Ya kwanza huonekana kwa macho. Ya pili huhitaji kipimo. Mwanafunzi aliyeijua maana ya kwanza pekee ataitazama kapasita iliyo kavu na kuihukumu kuwa nzima.

4.0 Majina ya Rangi

Thamani ya rezista husomwa kwa mistari ya rangi kumi, kuanzia nyeusi iliyo sifuri hadi nyeupe iliyo tisa. Kiswahili kina mizizi mitatu tu ya vivumishi halisi vya rangi: -eusi, -eupe na -ekundu. Rangi nyingine hutajwa kwa majina, na mengi yanatokana na vitu: zambarau, kijivu, machungwa, kahawia. Katika usemi wa kila siku -ekundu hutanda mbali na huweza kujumuisha vivuli vinavyokaribia machungwa na kahawia.

Katika karakana utandavu huo una gharama. Mistari ya njano, zambarau na nyekundu ni omu 4,700. Msitari wa tatu ukiwa wa rangi ya machungwa, thamani ni omu 47,000. Kosa la jina moja la rangi huzidisha ukinzani mara kumi.

5.0 Mapendekezo

Kwa kuzingatia yaliyoelezwa, hatuoni sababu ya kumwambia fundi aache neno shoti. Istilahi iliyokubalika na watumiaji ina thamani ambayo istilahi mpya haina. Tunapendekeza mambo matatu kwa waandishi wa vitabu na walimu wa ufundi:

(a) Shoti ibaki kwa nyaya na vijenzi. Tukio la mtu liitwe mshtuko wa umeme. Mwalimu aanzie kwenye jozi ya (2) na kuuliza: kimepiga, au mtu amepigwa?

(b) Moto utumike kwa waya wa moto tu. Kwingineko isemwe kina umeme, kina joto au kina chaji.

(c) Kuvuja kuwe kwa majimaji, na kauli ya kutendesha, kuvujisha, iwe kwa mkondo: kapasita hii inavujisha. Hapa mnyambuliko unafanya kazi ambayo tungeweza kukimbilia kuifanya kwa mkopo mpya.

Yumkini mtu atapinga kuwa mafundi hawasomi vitabu vyetu. Ni kweli, lakini wanagenzi wengi siku hizi hupitia vyuo vya ufundi, na humo ndimo maneno ya karakana na ya kitabu yanapokutana.

6.0 Hitimisho

Tumeonyesha kuwa lugha ya mafundi wa elektroniki si Kiswahili kilichoharibika. Ina kanuni, ina uchumi wa maneno, na sitiari zake zimejengwa juu ya uchunguzi. Pale inapopungukiwa, mara nyingi dawa imo ndani ya sarufi ya Kiswahili chenyewe: kauli ya kutendwa, kauli ya kutendesha, uteuzi wa kitenzi. Kazi ya mwanaisimu, kwa maoni yetu, ni kwenda karakana kusikiliza kwanza, kisha kusaidia kutenganisha yale ambayo yakichanganywa humgharimu fundi kifaa, na pengine maisha.